Mutoto Anajikuna Usiku: Dawa za Nyumbani kwa Kuumwa na Wadudu

Mama, leo tunataka kuongea na wewe juu ya jambo lenye watu wengi wanaliona kuwa dogo. Mbu alimuuma mutoto, ao kiroboto kilipita ndani ya blanketi, na sasa mutoto anajikuna. Anajikuna usiku wote. Yeye halali, wewe haulali, na asubuhi unakuta alama za damu kwenye shuka. Jirani anakuambia, «Umupake dawa ya meno.» Mama mukwe anasema, «Hapana, petroli ndiyo inasaidia.» Kwenye farmasi ya pembeni ya barabara wanakuuzisha pomadi yenye picha ya mwanamuke mwenye ngozi nyeupe. Utasikiliza nani?

Siku za kupima watoto, wamama wengi wanatuletea mutoto mwenye aliumwa na wadudu. Mara nyingi hawaji juu ya mududu mwenyewe. Wanakuja juu ya kidonda chenye kilitokea nyuma, sababu ya makucha, ao sababu ya kitu chenye mutoto alipakwa. Dawa za nyumbani zenye kutuliza ngozi zipo. Ni za bei ndogo, na nyingine unazo tayari jikoni. Zipo pia zenye kuharibu ngozi ya mutoto. Na tena kuna upele wenye kufanana na kuumwa na mbu lakini sio, na huo haufai kungojea dawa ya nyumbani.

Juu ya nini panawasha?

Mbu jike anatafuta damu juu ya mayai yake. Anachoma ngozi kwa mudomo mwembamba sana, na mbele ya kunywa anatia mate yake ndani ili damu isigande. Mate hayo ndiyo mwili hauyapendi. Mwili unatuma walinzi wake pale, unatoa kitu chenye kuitwa istamini, na hapo panavimba, panapata joto, panawasha. Kiroboto na kunguni wanafanya vilevile, kila mumoja na mate yake.

Basi kuwasha si «damu mbaya», wala si sumu yenye kupaswa kutolewa kwa wembe. Mutoto asichanjwe chale juu ya uvimbe wa mbu, hata ndogo. Hakuna kitu cha kutoa pale. Uvimbe wenye haukuchezewa unaisha wenyewe ndani ya siku chache.

Watoto wadogo wanavimba zaidi kuliko sisi watu wakubwa. Mwili wa mutu mukubwa ulisha kuzoea mate ya mbu tangu miaka mingi; mwili wa mutoto wa miaka miwili ungali unajifunza. Kwa hiyo mbu wanaweza kuuma baba na mutoto usiku uleule, na asubuhi baba hana kitu, lakini mutoto ana uvimbe mupana kama kifuniko cha chupa. Watoto wengine wanafanya kitu cha kushangaza zaidi: kiroboto kinawauma leo muguuni, na alama za zamani za mukononi zinaanza kuwasha upya. Wamama wanaogopa, wanafikiri mutoto amelogwa. Hapana. Ni mwili unakumbuka. Kwa wengi inapunguka mutoto akiwa anakomaa.

Sasa ushike neno hili moja, sababu yote yenye tutasema inatoka humo: kujikuna kunaita kujikuna. Mutoto akijikuna anasikia muzuri dakika moja. Lakini makucha yanakwaruza ngozi, ngozi inaumia, walinzi wa mwili wanakuja wengi zaidi, na panawasha kuliko mbele. Dawa yoyote ya nyumbani ina kazi moja tu: kumusaidia mutoto asijikune mpaka mwili umalize kazi yake.

Maji na sabuni kwanza

Osha pale mududu aliuma kwa maji safi na sabuni ya kawaida. Suuza vizuri sabuni iishe, sababu sabuni ikikaukia kwenye ngozi nayo inawasha. Panguza polepole, bila kusugua.

Tunajua maji ni shida hapa Goma. Mawe ya volkano ni magumu, kuchimba kisima si rahisi, na familia nyingi zinanunua bidoni ao zinashuka kuchota ziwani. Lakini kwa kazi hii hauhitaji bidoni nzima, kikombe kimoja kinatosha. Kama ni maji ya ziwa yenye hayakutiwa klore, uyachemshe mbele na kuyaacha yapoe, zaidi sana kama ngozi imekwisha pasuka. Mutoto anaweka vidole mudomoni wakati wote, na maji yale ya ziwa ndiyo yanaleta kipindupindu.

Kama ni nyuki alimuchoma, tafuta kwanza muiba wake mweusi. Uutoe mbio, kwa ukucha ao kwa namna yoyote, sababu unaendelea kutia sumu wakati unangali mwilini. Kisha osha.

Baridi ni dawa

Katika dawa zote za nyumbani, hii ndiyo tunaipenda zaidi, na haina bei. Chukua kitambaa safi cha pamba, kiloweke ndani ya maji ya baridi, kikamue, kiweke juu ya uvimbe dakika kumi. Kikipata joto, kiloweke tena. Maji yenye yalilala usiku ndani ya mutungi ao bidoni yenye kufunikwa ni baridi ya kutosha. Muji wetu uko juu, karibu metre 1.500, na baridi ya usiku inafanya kazi ya frigo bila kulipa umeme. Kama una barafu, uifunge ndani ya kitambaa. Barafu tupu juu ya ngozi ya mutoto inaunguza kama moto.

Baridi inafanya nini? Inakaza mishipa midogo ya damu, uvimbe unapunguka, na inalaza mishipa yenye kupeleka habari ya kuwasha kichwani. Fanya hivyo jioni mbele ya kulala, sababu usiku ndio wakati mutoto anajikuna bila kujua. Usimufunike na mablanketi mengi. Joto la kitandani linaongeza kuwasha. Na kama ameamuka analia, usimukemee «acha kujikuna!» Hawezi. Umufundishe kubonyeza pale kwa kiganja ao kupiga-piga polepole, na mutoto wa miaka mitatu anaelewa vizuri kabisa.

Vitu vingine vyenye kusaidia

Aloe vera, ile mumea wa majani manene yenye miiba pembeni, yenye wasemaji wa Kinyarwanda wanaiita igikakarubamba, inamea katika viwanja vingi. Kata jani, liweke wima kidogo ili ule utomvu wa manjano utoke na kutupwa, sababu huo unawasha. Kisha pasua jani na utumie ile nyama ya ndani yenye kuteleza kama yai. Paka kidogo mahali padogo kwanza, ungoje mpaka kesho. Kama ngozi haikukataa, paka mahali pengine. Ni ya kupaka tu. Usimunyweshe mutoto, na wewe mwenyewe kama uko na mimba usiinywe: inaharisha vibaya, na kwa mwenye mimba ni hatari.

Majani ya chai nayo yanasaidia, zaidi pale ngozi inatoa maji-maji. Chemsha chai nzito, bila sukari na bila maziwa, acha ipoe kabisa, lowesha kitambaa na kukiweka juu yake. Sukari inaita sisimizi na inzi, basi hakikisha si ile chai ya asubuhi yenye ilibaki!

Bikarbonate, wale wenye wako nayo jikoni, wachanganye kijiko kimoja na maji kidogo sana mpaka iwe kama uji muzito, waipake juu ya uvimbe, na kuosha nyuma ya dakika kumi. Iwe tu kwenye ngozi nzima, yenye haikupasuka. Kwa ngozi yenye ilikwaruzika, bora maji ya chumvi: nusu ya kijiko kidogo cha chumvi ndani ya kikombe kikubwa cha maji yenye yalichemka na kupoa. Haitulizi kuwasha sana, lakini inasafisha bila kuunguza.

Na mafuta ya mawese? Wamama wanatuuliza kila mara. Hayamudhuru mutoto kama ngozi ni nzima, na ngozi kavu inawasha kuliko ngozi yenye mafuta. Vumbi letu nyeusi la volkano linakausha ngozi sana, basi kumupaka mutoto mafuta ao vazelini nyuma ya kuoga ni desturi nzuri. Lakini mafuta hayaponyeshi kidonda. Yanashika vumbi, na vumbi linaingia ndani.

Farmasi yenye iko na ruhusa inaweza kukuuzisha kalamini, ile maji mazito ya rangi ya waridi. Ni nzuri. Si lazima. Kama feza ni ya kuchagua, ununue sabuni.

Vitu vya kuacha

Dawa ya meno inaleta baridi kidogo sababu ya harufu yake ya mint, na ndiyo maana watu wanafikiri inaponyesha. Nyuma ya dakika chache inakauka, inakaza ngozi, inawasha upya.

Petroli na mafuta ya taa ni jambo lingine kabisa. Zinaunguza ngozi, na mutoto mwenye alipakwa petroli analamba mukono wake. Petroli ikiingia mapafuni inaweza kumuua. Hatutaki kusikia tena mutoto amepakwa petroli. Vilevile maji ya batri, na vilevile dawa yoyote ya kunyunyiza shamba.

Majivu, udongo, kinyesi cha ngombe: humo munakaa mududu wa pepopunda. Kwenye ngozi yenye imepasuka ni kumufungulia mulango.

Ndimu inashangaza wengi. Maji ya ndimu kwenye ngozi, kisha mutoto anacheza nje kwa jua: kesho yake unaona malengelenge, kisha madoa meusi yenye kukaa miezi. Si mududu alifanya vile. Ni ndimu na jua pamoja.

Kijiko chenye kupashwa moto na kubandikwa juu ya uvimbe: joto kidogo linaweza kweli kutuliza kuwasha, hatukatai. Lakini nani atapima joto la kijiko mbele ya kukiweka juu ya mutoto wa mwaka moja? Acha hiyo. Tunatibu tayari watoto wa kutosha wenye waliungua na sufuria.

Kuna tena wenye wanafungua kapsuli za antibiotiki na kumwanga unga wake juu ya kidonda. Feza inapotea, unga unaganda na kufungia uchafu ndani, na wadudu wa kidonda wanajifunza kushinda dawa ile. Siku mutoto atakuwa na ugonjwa mukubwa, dawa haitamusaidia.

Sasa zile pomadi za kungarisha ngozi. Mama, tuongee wazi. Nyingi ziko na dawa yenye nguvu ya jamii ya kortizone, kama klobetazoli, hata kama haikuandikwa juu ya tube. Ukimupaka mutoto, kuwasha kunatulia mbio, na hapo ndipo iko mutego: unafikiri umepata dawa ya kweli. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka kwa urahisi, vidonda na uyoga wa ngozi vinakula kwa uhuru, na kama ilikuwa upele wa kuambukiza, unaenea huku umejificha. Kwa mutoto mudogo dawa ile inaingia mpaka ndani ya mwili na inaweza kuzuia kukomaa. Munganga anaweza kukupa hidrokortizone, ndugu yake mwenye nguvu kidogo, kwa siku chache na mahali padogo. Hiyo ni jambo lingine.

Na jambo la mwisho katika sehemu hii, kubwa kuliko yote: siro ya Phenergan. Watu wanainunua ili mutoto alale. Kwa mutoto mwenye hajafikisha miaka miwili, ni marufuku. Inaweza kuzima pumzi yake usiku, na mama anafikiri amelala vizuri. Kama kuwasha kunazidi kabisa, dawa nyingine za kunywa zipo, lakini munganga anapima kilo na miaka ya mutoto mbele ya kuzitoa.

Makucha, vidonda na figo

Kata makucha ya mutoto kila juma, siku moja yenye umechagua, na ya kwako pia. Chini ya ukucha munakaa wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho. Mutoto akijikuna anawapanda mwenyewe ndani ya ngozi. Mutoto muchanga unaweza kumuvalisha sosheti safi za pamba mikononi usiku.

Utajuaje kama wadudu hao wameingia? Uvimbe wa mbu unawasha; ukianza kuuma, hali imebadilika. Pale panatoa usaha ao maji yenye kukauka kama asali, panafanya magamba ya manjano, na siku yenye kufuata panatokea kingine pembeni. Osha magamba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mara mbili kwa siku, funika kwa kitambaa safi, na mutoto awe na kitambaa chake peke yake. Kama ni vidonda viwili vitatu vidogo na vinakauka, endelea vile. Kama vinaongezeka, ao uwekundu unapanuka, ao mustari unapanda mukononi ao muguuni, ao mutoto ana homa, kuja hospitali siku ileile. Mutoto mwenye hajafikisha miezi miwili, hata kama ana vipele vya usaha vichache tu, umulete mbio. Kwake hakuna kidonda kidogo.

Kuna jambo lingine lenye wamama wengi hawajaambiwa. Vidonda vya namna hii vikikauka, majuma mawili ao matatu nyuma, ao hata zaidi, ugonjwa unaweza kutokea upande wenye haukungojea: figo. Chukua mufano wa mutoto wa miaka mitano. Alikuwa na vidonda miguuni, vimekauka, mama amevisahau. Asubuhi moja mutoto anaamuka na uso wenye kuvimba, macho yamefunga. Anakojoa kidogo, na mukojo ni mweusi kama Coca-Cola. Jirani anasema ni kwashiorkor, umupe mayai. Mwingine anasema ni sumu. Ni figo zenye zimechoka sababu ya vita ya mwili na wale wadudu wa vidonda, na damu inaweza kupanda katika mishipa mpaka mutoto anatetemeka na kupoteza akili. Wengi wanapona kabisa kama wamefika hospitali mapema. Basi ukiona uso umevimba asubuhi ao mukojo wa rangi ile, usimungojee baba arudi kazini. Ukuje, na utuambie: «Mwezi wenye ulipita alikuwa na vidonda.» Neno hilo moja linatusaidia sana.

Si kila upele ni mbu

Angalia mahali panawasha. Mbu anauma pale nguo haifuniki: uso, mikono, miguu. Viroboto wanauma zaidi miguu na kiuno. Kunguni anaacha mara nyingi alama tatu ao ine zenye kufuatana kama mustari.

Lakini kama panawasha katikati ya vidole, kwenye viungo vya mikono, kiunoni, makalioni, kwapani, kama ni usiku zaidi, na kama wewe, baba na dada zake munajikuna pia, hiyo ni upele wa skabiyesi. Mududu wake ni mudogo sana na anachimba njia ndani ya ngozi. Anapita kwa mutu kugusana na mutu. Miaka ya 2023 na 2024, wakati watu wengi sana walikuwa wanalala wamebanana ndani ya kambi kama Bulengo, Rusayo na Kanyaruchinya, mududu huyu alikuwa amepata nyumba nzuri. Kambi zilivunjwa mwanzoni wa mwaka wa 2025, lakini chumba kimoja cha watu wanane kingali kipo katika makartiye mengi.

Maji ya baridi hayaponyeshi skabiyesi. Inahitaji dawa ya hospitali, kama benzoate ya benzili ao permetrini, na munganga atakuonyesha namna ya kuipunguza kwa mutoto. Watu wote wa nyumba wanatibiwa siku moja, hata mwenye hajikune. Siku hiyohiyo nguo na mashuka vinafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Blanketi yenye haiwezi kufuliwa inafungwa ndani ya mufuko siku tano ao juma moja. Na usivunjike moyo: hata nyuma ya wadudu kufa, ngozi inaweza kuwasha majuma mawili mpaka mane. Usirudilie dawa kila siku, inaunguza.

Funza tunamujua sote. Huyu si mududu wa asili ya kwetu: alifika Angola mwaka wa 1872 ndani ya meli kutoka Brazili, na mbele ya mwaka wa 1900 alikuwa amevuka Afrika nzima mpaka pwani ya mashariki. Mbaya si yeye tu, mbaya ni ile pini moja yenye kupita kutoka mutoto kwa mutoto. Pini hiyo inabeba pepopunda, ugonjwa wa maini na hata virusi vya sida. Kila mutoto na sindano yake yenye ilichemshwa, miguu iloweshwe kwanza ndani ya maji na sabuni, na chanjo zake ziwe zimetimia.

Kisha kuna mpox. Mwaka wa 2024 ugonjwa huu ulifika Goma na ndani ya kambi za pembeni ya muji, watoto wengi wakashikwa, na mwezi wa 10 wa mwaka ule chanjo ilianza kutolewa hapa Goma. Mwanzoni kipele cha mpox kinaweza kudanganya. Lakini mbu haachi alama ndani ya viganja, chini ya nyayo, ndani ya mudomo ao kwenye sehemu za siri. Na mbu haleti tezi za kuvimba shingoni. Mpox mara nyingi inakuja na homa, maumivu ya kichwa na mugongo, kisha vipele vigumu vyenye kujaa usaha, na mara nyingi vinauma kuliko kuwasha. Ukiona vile, usimupeleke mutoto kwa bibi ao kanisani. Umulaze peke yake, wewe mwenyewe unawe mikono kila ukimugusa, na umulete mbio, ukimwambia munganga kwenye mulango mbele ya kuingia kati ya watoto wengine. Kama uko na mimba, jihazari mara mbili, sababu mpox inaweza kuua mutoto ndani ya tumbo.

Uvimbe wa midomo ao ulimi, pumzi ya shida, kutapika na kulegea, dakika chache nyuma ya nyuki kuchoma: hapo hakuna kitambaa cha baridi. Ni moto, kamata moto ya kwanza yenye inapita, ukuje.

Na homa? Mbu wa malaria anauma usiku kama wengine, na alama yake haina tofauti na za wengine. Hauwezi kujua kwa kuangalia uvimbe. Ugonjwa unakuja nyuma ya siku saba ao zaidi, wakati alama imekwisha potea. Mutoto mwenye homa anatobolewa kidole na damu kupimwa ndani ya siku moja. Wale wenye walikulia kwenye milima ya juu, mahali pa baridi pasipo mbu wengi, wanapaswa kufanya haraka zaidi, sababu mwili wao haujazoea malaria.

Kuwafukuza ndani ya nyumba

Tangu volkano ilipopita katikati ya muji mwezi wa kwanza wa mwaka wa 2002, nyumba nyingi zilijengwa kwa mbao juu ya mawe. Kunguni wanapenda mbao: kila ufa ni kitanda. Toa matera juani, uigeuze, mwanga maji yenye kuchemka kwenye nyufa za kitanda, na uzibe nyufa za ukuta. Usinyunyize dawa ya shamba mahali mutoto analala. Maji yenye kusimama ndani ya bidoni za wazi, magurudumu ya zamani na sitene bila kifuniko yanazaa mbu kila juma. Funika ao mwanga.

Musitikeri mupya uuanike kivulini siku nzima mbele ya kulala ndani, ili dawa yake isiwashe uso. Ukichafuka, uufue na sabuni ya kawaida na maji ya baridi, bila Javel, na uuanike kivulini tena. Jua linaua dawa. Tundu dogo uushone. Usiku chomeka pembe zake chini ya matera pande zote, na umulaze mutoto katikati, sababu mukono wenye kugusa musitikeri mbu anauuma kupitia matundu yake.